Hakuna Aliyefikisha Alama 30
(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama, Eldoret)



Wengine wenu mwasema sisi tu wachache, na mwajiri ana mawakili, basi kujadiliana naye ni kupoteza wakati. Sikilizeni habari hii ya kriketi.

Tarehe 29 Februari 1996, mjini Pune, India, Kenya ilikutana na West Indies katika Kombe la Dunia. West Indies walikwisha kulitwaa mara 2, mwaka 1975 na 1979. Wachezaji wetu wengi hawakuishi kwa mchezo.

Kenya ilianza kupiga. Alama zilipofika 81, watu wetu 6 walikwisha kutolewa. Ndipo Hitesh Modi na kijana Thomas Odoyo, mwenye miaka 17, wakasimama imara wakaongeza 44. Mwisho jumla ikawa 166, na katika hizo 37 zilikuwa za ziada, zisizotoka gongoni.

Zilionekana chache mno. Lakini Rajab Ali akawatoa Richie Richardson, nahodha wao, na Brian Lara. Nahodha wetu, Maurice Odumbe, akatoa watu 3 kwa alama 15 tu. West Indies wote wakatoka kwa 93. Tukashinda kwa alama 73.

Ndugu, siku ile hakuna Mkenya aliyefikisha alama 30 peke yake. Ushindi ulikusanywa kidogo kidogo.

Basi na sisi tukusanye: huyu alete daftari la saa zake za ziada, yule awe shahidi, mwingine alipe mchango wake. Tusitoke uwanjani kabla mchezo haujaisha.