Vunjajungu: Dume na Jike

Leo tumtazame vunjajungu, yule mdudu akunjaye mikono kama aombaye. Husemwa kwamba amwuaye atavunja chungu. Mimi nasema msimwue kwa sababu nyingine: hula nzi na panzi.

Watoto wenu wakimfuga, mwekeni katika chupa pana, juu kitambaa chepesi apate hewa. Sasa tazameni tumbo lake kwa chini. Lina pingili, kama muwa. Hesabuni polepole. Jike ana sita, dume ana nane. Wachanga ni vigumu kuwahesabu, ngojeni wakue. Dume ni mwembamba, na nyuzi zake mbili za kichwani ni ndefu. Jike ana tumbo nene.

Kwa nini tujisumbue? Jike mwenye njaa humla dume, hata wakati wa kupandana! Basi kila mmoja na chupa yake.

Jike hutaga mayai ndani ya povu, nalo hukauka likashika kijiti. Mkiliona shambani katika migomba au kahawa, msilichome moto. Watatoka humo wawindaji wadogo wengi.

Haya, fungueni madaftari. Neno la kuandika leo ni: pingili.