Maradhi Hayangoji Mavuno



Mwaka jana mkulima mwenzetu alijaliwa mtoto mwenye mgongo wazi. Mganga akasema yafaa apasuliwe upesi, ndani ya siku mbili tatu, kabla vijidudu havijaingia katika uti wa mgongo. Lakini kahawa ilikuwa bado mtini, na Dar es Salaam ni mbali. Usiku ule ule majirani walichanga nauli. Mtoto akapasuliwa Muhimbili. Miguu yake ingali dhaifu, wala hatukuahidiwa zaidi; lakini yu hai.

Ndugu zangu, safari ile tulibahatisha. Naomba sasa tutenge shilingi chache katika kila kilo ya kahawa, ziwe akiba ya matibabu ya watoto wetu. Umoja ni nguvu.