Je, Ubongo Una Kabila?

  

Kliniki huwa nasikia maneno haya: "Sista, watu wa kwetu hawachanganyikiwi uzeeni. Hao ni wa kabila lile." Mwingine huniambia, "Ni kina mama wanaosahau, wazee wa kiume hubaki na akili zao." Leo tuyapime maneno hayo.

Kwanza, kusahau kidogo si ugonjwa. Miaka ikisonga, ubongo hupungua kidogo na kufanya kazi polepole. Nyanya atamwita mjukuu kwa jina la shangazi yake, kisha ajirekebishe. Lakini methali zake, na nani alimwoa nani katika ukoo, hayo atakushinda. Huo ni ubongo mzima unaozeeka. Mashaka ni pale anapopotea njia ya sokoni aliyoizoea, au anaposahau kuwa sufuria iko motoni, na hali hiyo inazidi mwezi hadi mwezi. Madaktari huiita demensia.

Sasa, habari ya kabila. Kuanzia mwaka 1992 watafiti waliwafuatilia wazee Wayoruba mjini Ibadan, Nigeria, na wazee Wamarekani weusi mjini Indianapolis. Majibu yalitoka mwaka 2001. Katika kila wazee 100, waliopata demensia kwa mwaka mmoja kule Marekani walikuwa kama watatu. Ibadan alikuwa kama mmoja. Na hawa wote asili yao ni Afrika! Kama ingekuwa ni damu peke yake, wangekaribiana. Lakini wale wa Marekani walikuwa na presha, kisukari na mafuta mengi zaidi katika damu. Sisi tunaoacha uji wa wimbi na kunywa soda kila siku, tusikie vizuri hapo.

Na kina mama je? Ni kweli kwamba Marekani, karibu thuluthi mbili ya wagonjwa wa Alzheimer, ambayo ndiyo demensia inayopatikana zaidi, ni wanawake. Sababu moja ni kwamba wanawake huishi miaka mingi zaidi, na ugonjwa huu hufuata umri. Si kwamba ubongo wa mama ni dhaifu. Utafiti uliotolewa mwaka 2019 uliangalia jinsi ubongo unavyotumia sukari, ukaona ubongo wa mwanamke unaonekana mchanga kuliko wa mwanamume wa umri wake kwa miaka mitatu hivi. Ila kuna deni la zamani. Shule huupa ubongo akiba ya uzeeni, na nyanya zetu wengi walizuiwa kwenda shule ili walee wadogo zao. Ukimweka binti yako darasani, unamwekea akiba hiyo.

Mwaka 2024 wataalamu walioandika katika jarida la Lancet walisema karibu nusu ya demensia duniani ingeweza kuzuiwa au kucheleweshwa. Presha ndiyo nitakayoisisitiza, maana haiumi. Tangu mwaka 2023 wahudumu wengi wa afya ya jamii wamepewa mikoba yenye mashine ya kupima presha na sukari. Mwambie apime wazee, na akupime wewe pia, hata kama una miaka 40 tu. Mzee asiyesikia vizuri apelekwe akapimwe masikio. Asiyesikia huacha kuongea na watu, na ubongo hulala.

Na mama, usikubali mzee aliyechanganyikiwa aitwe mchawi. Mwaka 2021 huko Kisii, kina mama wanne wazee waliuawa na umati kwa shutuma hiyo.

Jambo moja la haraka. Mzee akichanganyikiwa ghafla, jana alikuwa sawa na leo hakutambui, hiyo si demensia ya pole pole. Huenda ni malaria, ugonjwa wa njia ya mkojo, sukari imeshuka au kiharusi. Usingoje kesho. Mpeleke hospitali siku hiyo hiyo, na ubebe dawa zake zote, hata zile za miti shamba.