Dawa Iliyofichwa Kabatini Haimfai Mtoto

Mada iliyowasilishwa kwa wazazi na walezi wa watoto wenye pumu



Naomba nijitambulishe kwanza: mimi si daktari. Kazi yangu katika Mamlaka ni kuandaa maelezo ya dawa kwa lugha ambayo mtumiaji ataielewa. Hata hivyo, pumu niliijua kabla ya kuajiriwa. Mdogo wangu aliugua pumu tangu alipokuwa na miaka minne. Nyumbani kwetu dawa zake za kuvuta zilikaa juu ya kabati la mama, ndani ya kopo, nyuma ya mashuka ya wageni. Mama hakuwa mzembe. Alikuwa ameambiwa na watu aliowaamini kwamba mtoto akiizoea pampu hataweza kuishi bila hiyo. Kwa sababu hiyo aliitoa pale tu kifua kilipobana.

Usiku mmoja wa masika kifua kilibana. Mama akaitoa pampu, akaibonyeza, ikapuliza, lakini mtoto hakupata nafuu. Tulimfikisha hospitali midomo yake ikiwa imebadilika rangi. Namshukuru Mungu alipona, na leo ni kijana mzima. Kesho yake muuguzi alizichukua zile inhela mbili, akazitazama, akamweleza mama jambo ambalo sijalisahau: ile ya kutuliza ilikuwa imekwisha, na ile ya kila siku ilikuwa imejaa, haijaguswa.

Mazungumzo yetu ya leo yanatokana na inhela hizo mbili.

Jambo la kwanza ni kuzijua dawa na kazi zake. Mtoto mwenye pumu ana uvimbe ndani ya njia za hewa za mapafu, hata siku anapocheza na kucheka kama wenzake. Uvimbe huo hufanya njia ziwe nyepesi kuchokozeka. Moshi, vumbi, mafua au baridi vikizigusa, misuli inayozizunguka hukaza, ute huongezeka, na hewa hupita kwa shida. Dawa ya kutuliza, ambayo mara nyingi ni salbutamol, huilegeza misuli ndani ya dakika chache, na nguvu yake hudumu kwa saa chache tu. Uvimbe hauugusi. Dawa ya kuzuia, kama vile beclometasone au budesonide, ndiyo inayoupunguza uvimbe, lakini hufanya kazi polepole, kwa siku na majuma, na ni sharti itumike kila siku kama ilivyoandikwa. Mtoto aliyekwisha kubanwa hapati nafuu ya haraka kwa beclometasone peke yake. Na mtoto anayetegemea salbutamol peke yake hubaki na uvimbe uleule, akingojea siku ya kubanwa tena.

Tafadhali msizitambue dawa hizi kwa rangi pekee. Ni kweli kwamba inhela nyingi za kutuliza huwa za buluu na nyingi za kuzuia huwa za kahawia, lakini watengenezaji ni wengi na si wote wanaofuata rangi hizo. Someni jina la dawa lililochapwa. Kisha chukueni kalamu, mwandike juu ya kasha kwa Kiswahili: “Ya kila siku” au “Ya kubanwa”. Zipo pia dawa zilizochanganywa, ambazo daktari huweza kuagiza zitumike kwa kazi zote mbili. Kwa hiyo ulizeni kabla ya kuondoka dirishani: hii ni ya nini, mara ngapi kwa siku, na kwa muda gani?

Jambo la pili ni hofu, na hofu ya mzazi inastahili kujibiwa kwa heshima. Wengi huuliza kama mtoto atakuwa mtumwa wa pampu. Jibu ni kwamba dawa ya kuzuia haileti uraibu. Mtoto huihitaji kila siku kwa sababu uvimbe upo kila siku, kama vile mwenye shinikizo la damu anavyohitaji vidonge vyake. Wengine huogopa neno steroidi. Kipimo cha dawa ya kuvuta huhesabiwa kwa mikrogramu, na mikrogramu 1,000 ndizo zinazofanya miligramu 1. Vidonge vya steroidi hupimwa kwa miligramu. Dawa ya kuvuta huenda moja kwa moja mapafuni, na ndiyo maana kiasi kidogo hutosha.

Haina maana kwamba dawa hii haina madhara. Inaweza kuleta utando mweupe mdomoni na sauti kukwaruza, na ndiyo sababu mtoto asukutue kwa maji na kutema kila baada ya kuivuta. Inaweza pia kupunguza kidogo kasi ya kurefuka, kwa wastani takriban nusu sentimita katika mwaka wa kwanza wa matibabu. Nawaambia haya waziwazi ili msiyasikie barabarani yakiwa yametiwa chumvi. Mwombeni daktari ampime mtoto urefu kila mnapohudhuria kliniki, na ampunguzie dawa atakapoona inafaa. Lakini msiikatishe wenyewe kwa kuwa mtoto “amepona”. Huenda yu mzima leo kwa sababu anaitumia.

Jambo la tatu ni namna ya kuvuta. Dawa inaweza kuwa nzuri na bado isifike mapafuni, ikaishia ulimini na kooni. Mtoto mdogo hawezi kubonyeza na kuvuta kwa wakati mmoja, na hata watu wazima wengi hukosea. Kwa hiyo mtoto atumie chombo cha kuvutia dawa, kile kinachowekwa kati ya inhela na mdomo. Kwa mtoto mdogo sana, huwekwa na barakoa inayofunika pua na mdomo. Mkikosa uwezo wa kukinunua, msikate tamaa. Mwaka 1999 watafiti wa Cape Town, Afrika Kusini, walichapisha matokeo yaliyoonesha kwamba chupa ya plastiki ya mililita 500, iliyotobolewa chini kwa kipimo cha mdomo wa inhela na kuzibwa vizuri pembeni, iliwasaidia watoto waliobanwa karibu sawa na chombo cha dukani. Mwombeni mhudumu wa afya awaoneshe jinsi ya kuitengeneza, ili tundu lisivujishe dawa.

Utaratibu ni huu. Tikiseni inhela. Ipachikeni kwenye chombo. Mtoto akae wima au asimame, midomo ishike vizuri. Bonyezeni mara moja tu, kisha mtoto avute na kutoa pumzi taratibu, mara tano au sita. Kama ameandikiwa kubonyeza mara mbili, ngojeni nusu dakika, tikiseni tena, mrudie. Kubonyeza mara mbili kwa mfululizo hupoteza dawa. Chombo kioshwe kwa maji yenye sabuni kidogo, kisha kiachwe kikauke chenyewe bila kufutwa kwa kitambaa, kwa kuwa kukisugua huifanya dawa ing’ang’anie kwenye plastiki.

Jambo la nne ni hesabu, na hapa ndipo mama yangu alipokwama. Inhela iliyokwisha dawa huendelea kupuliza kwa sababu gesi ya kusukumia bado imo. Kuitikisa masikioni au kuitumbukiza majini hakutoi jibu la kuaminika. Njia ya uhakika ni kuhesabu. Tuseme inhela ya kila siku ina dozi 200, na mtoto ameandikiwa kubonyezewa mara mbili asubuhi na mara mbili jioni. Hizo ni 4 kwa siku, na 200 gawanya kwa 4 ni siku 50. Mkiifungua tarehe 1 Machi, itakwisha jioni ya tarehe 19 Aprili. Andikeni tarehe zote mbili kwenye kasha, na mnunue nyingine wiki moja kabla. Kwa ile ya kutuliza, wekeni alama kwenye karatasi kila inapobonyezwa. Inhela nyingine zina kihesabio nyuma yake. Nambari hiyo itawaambia pia, bila ugomvi, kama dozi zimerukwa.

Jambo la tano ni mazoea ya nyumbani. Dawa ya asubuhi na jioni ifungamanishwe na kupiga mswaki: mtoto avute kwanza, kisha apige mswaki na kusukutua. Awepo mtu mzima mmoja anayejulikana kuwa ndiye msimamizi, na akisafiri amkabidhi mwingine kwa maneno, si kwa kudhania. Bibi, shangazi na dada wa kazi wote waoneshwe namna ya kuvuta. Msimwachie mtoto wa darasa la kwanza jukumu hili, na msimwache kabisa yule wa sekondari, ambaye huenda anaificha pampu kwa kuogopa kuchekwa. Mwulizeni kwa upole, “Juma hili umesahau mara ngapi?” Swali hilo hupata ukweli kuliko “Umetumia dawa?” Mwalimu wa darasa naye ajue, na dawa ya kutuliza iwe karibu na mtoto, isifungiwe ofisini.

Mtoto wa shule anayehitaji dawa ya kutuliza zaidi ya mara mbili kwa wiki, au anayeamka usiku kwa kukohoa, pumu yake haijadhibitiwa. Mrudisheni kliniki kabla hajazidiwa. Na moshi wa kuni, mkaa, sigara na dawa ya mbu ya kuchoma uwe mbali na anapolala. Udi wetu nao, pamoja na uzuri wake, ni moshi.

Mwisho, naomba niseme yanayohusu Mamlaka moja kwa moja. Nunueni dawa katika famasi iliyosajiliwa na mdai risiti. Tazameni tarehe ya mwisho wa matumizi na kama kasha limefunguliwa. Inhela haitobolewi, haitupwi motoni, wala haiachwi ndani ya gari juani. Kama bei inawashinda, mwambieni mfamasia. Huenda ipo ya mtengenezaji mwingine yenye dawa ileile kwa bei nafuu. Kunyamaza na kumpa mtoto nusu ya kipimo si kubana matumizi. Mkiona madhara msiyoyatarajia, au mkishuku kuwa dawa si halisi, toeni taarifa kituo cha afya au kwetu, na mhifadhi kasha lake, kwa kuwa namba ya toleo iliyochapwa juu yake ndiyo inayotuwezesha kuifuatilia.

Na mtoto akishindwa kumaliza sentensi kwa kukosa pumzi, mbavu zikiingia ndani anapovuta hewa, midomo ikibadilika rangi, au dawa ya kutuliza isipomsaidia, msingoje kupambazuke. Mkalisheni wima, mpeni dawa ya kutuliza kama daktari alivyoandika, na mwondoke naye kwenda hospitali mkiendelea kumpa njiani.

Usiku ule, mama alikuwa na kila kilichohitajika kumkinga mwanawe, kikiwa juu ya kabati. Alichokosa ni mtu wa kumweleza. Leo mmeelezwa. Mkirudi nyumbani, kabla ya kuvua viatu, ziteremsheni zile inhela, msome majina yake, na mwandike tarehe.