Rufani Isiyo na Msingi



Katika jumuiya zetu twasikia mara nyingi: rufani imetupwa, basi hakimu amehongwa. Rushwa ipo, nasi hatutaacha kuikemea. Lakini kabla ya kumhukumu hakimu, yatupasa kuifahamu kazi ya mahakama ya rufani.

Mahakama hiyo haianzi kesi upya. Husoma mwenendo wa kesi na hukumu, kisha hupima sababu za rufani: je, sheria ilikosewa? Je, ushahidi ulipimwa vibaya? Mrufani asemaye tu kwamba hakuridhika hajaonyesha kosa lolote. Na pale mahakama mbili za chini zilipokubaliana juu ya mambo yaliyotendeka, Mahakama ya Rufani ya Tanzania, iliyoanzishwa mwaka 1979, haiugusi uamuzi huo pasipo sababu nzito.

Tutofautishe pia maneno mawili. Rufani iliyotupiliwa mbali kwa kukosa msingi imekwisha kuamuliwa. Rufani iliyofutwa kwa kasoro, kama vile kukosa hati inayotakiwa, haijaamuliwa; mwenyewe aweza kuisahihisha na kuileta tena, iwapo muda ungalipo au ameongezewa. Tofauti hii ilielezwa na Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki mwaka 1959, katika kesi ya Chama cha Ushirika cha Ngoni-Matengo. Mjane asiyeijua aweza kuliacha shamba la watoto wake, kumbe mlango haujafungwa.

Wapo pia wanaouza ng'ombe wa mwisho ili kumkomoa ndugu yao kwa rufani. Mtume Paulo alikata rufani kwa Kaisari ili kuuokoa uhai wake. Na alipofika Roma alieleza kwamba hakuja kulishitaki taifa lake.

Viongozi wa walei, anayekusudia kukata rufani mwelekezeni kwa wakili au msaidizi wa kisheria mapema, akiwa na nakala ya hukumu. Kutoka Mahakama ya Mwanzo kwenda ya Wilaya ni siku 30. Kutoka Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya kwenda Mahakama Kuu ni siku 45. Swali la kwanza liwe: kosa katika hukumu hii liko wapi? Likiwapo, tumsaidie alitetee bila woga. Lisipokuwapo, tumsaidie kupatana na ndugu yake, naye abaki na ng'ombe wake.

Amani ya Kristo iwe nanyi.