Hotuba ya Mgeni Rasmi Katika Ufunguzi wa Maonyesho ya Picha za Watawa na Makatekista



Kwa ruhusa yenu nitazungumzia picha moja tu, iliyochorwa Ufaransa mwaka 1662 na Philippe de Champaigne, mzaliwa wa Brussels. Leo imetundikwa katika makumbusho ya Louvre.

Champaigne aliwachora wakubwa. Alimchora Kadinali Richelieu mara nyingi, na joho lake jekundu limejaa turubai. Nyumbani kwake, hata hivyo, misiba ilimwandama: alimzika mke, mwana na binti. Binti aliyebaki, Catherine, alikuwa mtawa wa monasteri ya Port-Royal, naye akapooza miguu kwa zaidi ya mwaka. Madaktari walishindwa. Mama Agnès Arnauld, aliyewahi kuwa mkuu wa monasteri hiyo, akamwombea kwa novena, na Januari 1662 Catherine akasimama, akatembea.

Zama zile za Baroko, mchoraji mwingine angetuletea malaika, mawingu na mapazia ya hariri. Champaigne ametupa ukuta wa kijivu na msalaba wa mbao. Mama Agnès, mwenye umri unaokaribia miaka 70, amepiga magoti, makunyanzi yake yote yapo. Catherine ameketi, miguu ameinyoosha juu ya kigoda, viganja vimekutana. Kati yao unashuka mwale wa nuru. Picha ina upana unaozidi mita 2, na hakuna kingine cha kutushangaza. Kutembea kwenyewe hakukuchora, amechora kusali. Naamini baba huyu aliogopa kuipamba shukrani yake, isije ikageuka majivuno. Kisha akaitoa zawadi kwa monasteri.

Watawa wa Port-Royal walikuwa na mgogoro mkali na wakuu wa Kanisa na Serikali, na mwaka 1709 Mfalme Louis wa 14 aliwafukuza wale wa mwisho. Nyuso za Mama Agnès na Catherine tunazo hadi leo kwa sababu mtu aliyewapenda aliwachora kwa ukweli.

Vijana wangu, parokiani kwetu wapo masista waliozeekea zahanatini, na makatekista waliotembea vigango vyote kwa miguu. Wachoreni wangali hai. Msiwaongezee dhahabu, wala msiwapunguzie uzee. Nanyi wazazi, wanunulieni watoto hawa rangi.

Baada ya kusema hayo, natamka kwamba maonyesho haya yamefunguliwa rasmi.