Msikilizaji Naye Ajibiwe



Nimeombwa nizungumze juu ya nguvu ya msikilizaji. Huku kwetu Beni na Butembo nguvu hiyo ilijulikana Ebola ilipotangazwa, Agosti 2018. Mwanzoni redio zilisema na raia wakasikiliza: nawa mikono, mgonjwa apelekwe hospitali, maiti isiguswe. Lakini raia alikuwa na maswali, na alipokosa wa kuyapokea akayapeleka WhatsApp. Sauti zisizo na jina zikazunguka usiku kucha: ati majeneza yamejaa mawe, ati viungo vya maiti vinauzwa.

Ndipo wahudumu wa Msalaba Mwekundu wakapita nyumba kwa nyumba, wakiandika kila walichoambiwa, hata matusi. Familia nyingi zilidai jambo dogo tu: tumwone mtu wetu kabla hamjamzika. Ikaletwa mifuko ya maziko inayoonyesha ndani. Beni kukawa na vyumba vya wagonjwa vyenye kuta za plastiki angavu, ndugu akasimama nje akazungumza na mgonjwa wake uso kwa uso. Mifuko hiyo ilitokana na malalamiko ya watu, si na matangazo yetu.

Tusijidanganye kwamba mambo hayo yalitosha. Vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vilishambuliwa Februari 2019, na watu zaidi ya 2,200 walikuwa wamekufa ugonjwa ulipotangazwa kwisha, Juni 25, 2020. Tena msikilizaji wa huku si mtu wa kunyamazishwa: uchaguzi ulipoahirishwa huku, watu wa Beni walipanga mistari Desemba 30, 2018, wakapiga kura yao wenyewe.

Wakurugenzi wa redio, msifungue simu kwa ajili ya salamu peke yake. Swali la leo lijibiwe kesho, kwa Kiswahili na kwa Kinande. Kiongozi akikataa kuja studio, semeni hewani kwamba amekataa.

Nanyi wasikilizaji, mnaoshika simu sasa ni watangazaji. Kazi hiyo ina hatari yake: Papy Mumbere Mahamba, mtangazaji wa redio ya jamii aliyeendesha kipindi cha Ebola, aliuawa nyumbani kwake Lwemba, Ituri, Novemba 2019. Basi, msije mkamhatarisha mwingine, kabla ya kusambaza sauti inayomtuhumu mtu, ulizeni kwanza imetoka kwa nani.

Nimesema vya kutosha. Kipaza sauti kipelekwe kule nyuma, mama wa soko waanze kuniuliza.